Hati zetu ziko kwenye intaneti, lakini zinafunguka kwa nani?

Siku hizi tunasikia kila mara sentensi hii: archive imeskaniwa, iko kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuisoma. Sentensi ile iko na vipande vitatu. Viwili vya kwanza mara nyingi ni vya kweli. Kipande cha tatu njo nataka tukichunguze leo, juu wengi kati yetu tunaandika TFC ao memware, na tunajua vile inakuwa: unabonyeza, unangoja, kiduara kinazunguka, mega zinaisha, na ukurasa haujafunguka.

Watu wanakosoa vitabu, filamu na nyimbo. Lakini ile dirisha ya kuonyesha ukurasa ulioskaniwa, hakuna mwenye anaikosoa. Tunaichukua kama mvua: ikinyesha sawa, isiponyesha sawa. Kumbe kuna watu walikaa chini wakaamua ifanye kazi vile. Waliamua ukurasa uwe na uzito gani, ufunguke kwa telefone ao kwa ordinatere tu, maneno yake yatafutike ao yabaki picha. Kila moja ya maamuzi ile inachagua msomaji. Na mara nyingi msomaji mwenye hakuchaguliwa anakaa Bukavu, Kindu, Kalemie ao Bunia.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Sehemu kubwa ya karatasi zenye zinahusu babu zetu iko Ubelgiji. Karatasi za Stanley, kwa mfano, ni mali ya Shirika la Mfalme Baudouin na zinawekwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles. Mwanafunzi wa Lubumbashi mwenye anataka kuzigusa anahitaji viza, ndege na fasi ya kulala. Kwake yeye, kivinjari cha telefone njo mlango wa pekee. Mlango ule ukiwa mwembamba, haisaidii kumwambia kwamba nyumba ni kubwa.

Kwanza tuelewe uzito unatoka wapi

Tuchukue ukurasa mmoja wa A4. Ukiuskani kwa nukta 300 kwa inchi, yenye ni kipimo cha kawaida, unapata picha ya nukta 2480 kwa 3508. Ile ni karibu nukta milioni 8.7. Kwa rangi kamili, bila kubana kitu, ukurasa mmoja unakula karibu mega 26. Kitabu cha kurasa 300 kinapita giga 7. Ukiiskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu, ukurasa ule ule unakuwa karibu mega 1, na ukiubana kwa njia ya zamani ya mashini za faksi, unaweza kushuka mpaka kilo chache kumi. Ni karatasi ile ile na maneno yale yale. Tofauti ni uamuzi wa mtu.

Archive kubwa zinapenda kuweka picha zao katika muundo wa TIFF. Ulitengenezwa na kampuni ya Aldus mu 1986, na unapendwa kwa sababu nzuri: unaweza kuweka picha bila kupoteza hata nukta moja, na faili moja inaweza kubeba kurasa nyingi. Kwa kuhifadhi, hapana shida. Shida inaanza wakati mtu anachukua faili ile ya kuhifadhi na kuitupa hivyo hivyo kwenye intaneti. Safari, kivinjari cha Apple, kinaweza kuonyesha TIFF. Chrome na Firefox haziwezi. Ukibonyeza, hazikuonyeshi kitu. Zinakuteremshia faili nzima, halafu unabaki kutafuta programu ya kuifungua. Mtu mwenye iPhone anaona ukurasa. Wewe mwenye Android, kama wengi wetu, umelipa mega na bado haujui kama ile hati njo ulikuwa unatafuta.

Kuna watu walijaribu kutatua hii shida zamani. Kwenye miaka ya 1990, ndani ya maabara ya AT&T, kikundi kimoja, kati yao Yann LeCun, Léon Bottou na Yoshua Bengio (wale wale wenye leo tunawasikia kwa mambo ya akili bandia), kilitengeneza DjVu. Wazo lao lilikuwa la akili: tenganisha maandishi na karatasi yenyewe. Maandishi yabaki makali, karatasi ya nyuma ibanwe sana, juu hakuna mtu anasoma madoa ya karatasi. Ukurasa ulikuwa mwepesi ajabu. Lakini DjVu ilihitaji kipande cha programu cha kuongeza ndani ya kivinjari. Vivinjari vilipofunga mlango kwa vipande vile, Chrome mu 2015 na Firefox mu 2017, DjVu ilibaki nje. Internet Archive iliacha kuitengeneza mu 2016. Somo lake ni hili: muundo unaweza kuwa mzuri sana kwa mtu wa mega kidogo na ukakufa, kama wenye vivinjari hawakuupokea.

Njo sababu PDF ilishinda. Mozilla ilianza mu 2011 kuandika pdf.js, programu ya kuonyesha PDF ndani ya kivinjari chenyewe, na mu 2013 Firefox ikaja nayo tayari. Kwenye ordinatere, shida ya kufungua ikaisha. Lakini tusidanganyike: PDF ni mfuko tu. Unaweza kutia ndani maandishi ya kweli, na unaweza kutia picha 300 nzito. Kwa nje hazina tofauti, zote mbili zinaandikwa ".pdf". Mwenye anaweka faili hasemi ni aina gani, na wewe unajua kisha kulipa.

Milango tatu, na vile inafunguka

Nitakosoa tatu zenye mwanafunzi wa kwetu anaweza kukutana nazo.

Ya kwanza ni Internet Archive, ya San Francisco. Humo mtu anapata vitabu vya zamani juu ya Congo, kama "Red Rubber" ya E. D. Morel ya 1906 na vile Stanley vya miaka ya 1880. Kisomeo chao kinafanya jambo moja la heshima: hakikutumii kitabu kizima. Kinatuma ukurasa wenye unatazama, kwa ukubwa unaofaa kioo chako. Tupige hesabu. Telefone yenye kioo cha nukta 720 kwa upana haiwezi kuonyesha nukta 2480. Ukitumiwa ukurasa mzima wa nukta zote, umetumiwa karibu mara 12 ya kile kioo chako kinaweza kuonyesha. Kisomeo chenye kinajua hesabu hiyo kinakuheshimu. Tena unaweza kutafuta neno ndani ya kitabu na likaonyeshwa fasi yake kwenye ukurasa. Lawama yangu iko fasi nyingine: maneno yale yametolewa kwa picha na mashini, bila mtu kusahihisha, na msomaji haambiwi vya kutosha. Ukitafuta jina la kijiji na halipatikani, unaweza kuandika kwenye memware yako kwamba mwandishi hakulitaja. Kumbe mashini ilisoma "rn" fasi ya "m".

Ya pili ni Gallica, ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, yenye ilianza mu 1997. Kwetu wenye tulisoma kwa Kifaransa, iko na faida ya lugha. Lakini faida yenye napenda zaidi ni ukweli wake. Ukichagua kuona maandishi fasi ya picha, inakuonya kwamba yalitolewa na mashini, na inakuandikia asilimia yenye inakadiria mashini ilisoma vizuri. Ni sentensi fupi tu, lakini inakubadilisha uwe msomaji mwenye tahadhari. Kila mwenye kuweka hati zilizoskaniwa angepaswa kuiga hiyo.

Gallica, pamoja na maktaba nyingi kubwa, inatumia pia kanuni zenye zinaitwa IIIF, zilizoanza mu 2011. Wazo lake ni rahisi kuelezea: ndani ya anwani ya picha unaandika kipande gani unataka, kwa ukubwa gani, kimegeuzwa namna gani, kwa rangi gani na kwa muundo gani. Serva inakukatia kipande kile tu. Unaweza kuomba pembe ya chini ya ukurasa yenye iko na saini, bila kulipia ukurasa wote. Kwa mtu wa mega kidogo, ni kama kununua mchele kwa kikombe fasi ya kulazimishwa kununua gunia.

Lakini hapa pia niko na neno. Visomeo vingi vya IIIF, kama Mirador, vilifikiriwa kwanza kwa mtafiti mwenye kioo kikubwa, mwenye anataka kulinganisha maandiko mawili kando kando. Kwenye telefone, vifungo na vidirisha vinakula fasi, na programu yenyewe iko na uzito wake mbele hujaona hata neno moja. Halafu, ukikuza picha, kivinjari kinaomba vipande vidogo vidogo vingi. Mahali kwenye mtandao wa mbio, hauoni kitu. Fasi yenye kila ombi linachukua sekunde mbili kwenda na kurudi, unapata ukurasa wa viraka: hapa maneno, pale ukungu, hapa tena maneno. Wenye walitengeneza walipunguza uzito wa kila kipande, lakini safari ya kwenda na kurudi hawakuipunguza. Na kwetu mara nyingi safari njo inatuua kuliko uzito.

Mlango wa tatu hauonekani wa kisasa hata kidogo, na ni ule wenye nauheshimu zaidi. Mu 1965, mu Elisabethville, mbele muji haujaitwa Lubumbashi, kulitoka maandishi yenye yanajulikana kama "Vocabulaire" ya Elisabethville. Yaliandikwa na André Yav kwa niaba ya watu wenye walikuwa wamefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Ni historia ya muji na ya ukoloni, imeandikwa na wafanyakazi wenyewe, mu Kiswahili ya Katanga, si ile ya shule. Johannes Fabian, mwanaantropolojia mwenye alifundisha Amsterdam, aliyatoa katika kitabu mu 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango wa Lubumbashi. Baadaye maandishi na tafsiri viliwekwa kwenye intaneti, katika mkusanyo wenye Fabian na Vincent de Rooij waliuita Archives of Popular Swahili.

Pale hakuna kiduara cha kuzunguka. Ni maandishi matupu. Yanafunguka kwa telefone ya bei yoyote, unatafuta neno na unalipata, unanakili sentensi na kuitia kwenye kazi yako. Hati ndefu yote inakula mega kidogo kuliko picha moja tu ya ukurasa wake.

Je, basi tutupe picha?

Hapa wahifadhi watanijibu, na jibu lao ni la nguvu. Watasema: picha njo ushahidi. Maandishi yaliyoandikwa upya yamepita mkononi mwa mtu, na mtu anakosea, anapunguza, anarekebisha.

Wako na haki. Mfano bora ni ile Vocabulaire yenyewe. Kwenye karatasi iliyopigwa mashini, maneno hayakutenganishwa vile tunatenganisha leo. Fasi moja yameungana, fasi nyingine neno limekatwa katikati. Ili kuelewa, ilibidi Kalundi Mango asome kwa sauti na kurekodiwa, juu sikio linajua fasi neno linaishia kuliko jicho. Sasa, ukisoma maandishi yaliyopangwa vizuri kwenye kioo, unasoma pia masikio ya mtu. Mwanafunzi wa lugha mwenye anataka kujua vile watu wa 1965 walikuwa wanaandika anahitaji picha ya karatasi yenyewe.

Lakini picha nayo inaweza kudanganya. Mu 2013, Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba mashini fulani za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu wakati wa kuskani: 6 ilikuwa inatoka 8. Haikuwa kosa la kusoma maneno. Mashini, ili kupunguza uzito, ilikuwa inatafuta alama zenye zinafanana kwenye ukurasa na kutumia moja fasi ya nyingine. Ukurasa ulitoka safi, mkali, mzuri, na namba za uongo. Fikiria hiyo kwenye mchoro wa nyumba, ao kwenye karatasi ya kiwanja, ao kwenye ripoti ya dawa. Kwa hiyo mwenye anasema "picha haidanganyi" afikiri mara mbili, na mwenye anabana picha mpaka mwisho ili iwe nyepesi naye afikiri mara mbili.

Kwangu jibu ni kwamba msomaji apewe zote mbili, na achague mwenyewe kwa kuanza na ile nyepesi. Maandishi kwanza, picha ya ukurasa kando yake kwa mwenye anataka kuhakikisha. Archive nyingi zinafanya kinyume: picha nzito inajifungua yenyewe, na maandishi yamefichwa nyuma ya vifungo vitatu. Ule mpango haukuandikwa mahali popote kama sheria. Umekuja tu kwa sababu mwenye aliupanga alikuwa kwenye ofisi yenye mtandao hauishi.

Na sisi wenyewe?

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa, tukilaumu Bruxelles, Paris na San Francisco. Lakini tuangalie vile sisi wenyewe tunaweka kazi zetu. Memware inapigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa telefone, kidole kinaonekana pembeni, kurasa tatu zimelala, zote zinaingizwa kwenye PDF moja ya mega 180, na inatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Kati ya watu mia, kumi wanaifungua. Kisha miaka mitatu mwanafunzi mwingine anaandika kitu kile kile, juu hakuna neno hata moja la ile kazi lenye linaweza kutafutika. Tumeskani, lakini tumezika.

Kurekebisha haiombi pesa nyingi. Kama faili ya Word iko, toa PDF kutoka kwa Word, usiskani karatasi yenye ilitoka kwa faili yenyewe. Kama ni karatasi tu, skani vizuri mara moja, nukta 300, na weka ile nakala nzito kwenye diski kwa kuhifadhi. Kwa kusoma, toa nakala nyingine nyepesi. Programu ya bure Tesseract inasoma maneno kutoka kwa picha, na inajua Kifaransa na Kiswahili pia; OCRmyPDF inaitumia kuweka maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha, ili neno litafutike. Chapta kubwa ziweke mbali mbali, mtu achukue yenye anahitaji. PDF inaweza pia kupangwa ndani ili ukurasa wa kwanza uonekane mbele faili nzima haijafika. Programu ya bure qpdf inafanya hivyo. Na kama unatuma ukurasa kwa WhatsApp, utume kama dokima, usiutume kama foto, juu foto WhatsApp inaipunguza mpaka maandishi madogo yanakufa.

Tena, kando ya kila kiungo, andika namba moja: mega ngapi. Hiyo haihitaji programu wala fundi. Inamwambia msomaji bei mbele hajalipa. Sokoni, mama mwenye anauza unga anakuonyesha kipimo kabla hujatoa franga. Maktaba zenye zina majina makubwa duniani bado mara nyingi hazifanyi hivyo.

Mimi sikubali tena ile sentensi ya mwanzo bila masharti. Nikisikia "archive imefunguliwa", nauliza: kwa telefone gani, kwa mega ngapi, na maneno yake yanatafutika? Kama majibu ni mabaya, basi imehamishwa tu: kutoka kwa kabati yenye ufunguo mpaka kwa kabati yenye kiduara cha kuzunguka. Ile chama ya watumishi wa Elisabethville haikuwa na skana wala serva. Ilikuwa na mashini ya kuandika, na hadithi yake leo inafunguka kwa telefone yoyote mu Kenya, Kamalondo ao Katuba. Sisi wenye tuko na diploma na vyombo vyote hivi, kazi zetu za mwaka huu zitafunguka kwa nani mu 2060?